Mtumbwi wa Nchi Kavu

Chukua ndizi iliyoiva uiminye utakavyo. Ikamue kwa kiganja, ifunge kwenye kitambaa uisokote, itie kwenye blenda. Utakachoambulia ni uji. Maji yamo tele, maana karibu robo tatu ya nyama ya ndizi ni maji, lakini hayabanduki. Ndiyo maana viwanda vinavyotaka juisi safi ya ndizi hutia kwanza vimeng'enya vya kuvunja pektini, ule ute unaoshikilia maji ndani ya tunda, kisha huchuja kwa mashine. Katika kata ya Ndama, wilayani Karagwe, mkoani Kagera, kazi hiyohiyo hufanywa kwa nyasi, miguu miwili na gogo lililochongwa, na kinachotoka ni juisi nyembamba, angavu, tamu kiasi cha kubana koo.

Mkamuaji niliyemtazama ni mzee ambaye vijana wa pale humwita Tata, kama wanavyoitwa wazee wengi wa Kinyambo. Haongei sana akiwa kazini. Ukimuuliza swali katikati ya hatua, atalijibu hatua ikiisha, na wakati mwingine utakuwa umeshalisahau.

Kazi yake huanzia kibanjani. Kibanja cha Karagwe si shamba la zao moja: migomba imesimama juu, kahawa ya robusta chini yake, maharage chini ya kahawa, na ardhi yote imefunikwa majani makavu yanayooza taratibu. Kwa mgeni, migomba yote ni sawa. Mzee anapita kati yake akitaja majina. Hii ni ya kupika, ile ni ya kuchoma, zile za kule mpakani ni embiile, ndizi za pombe. Nilijaribu kuona tofauti kwenye shina na majani nikaishia kutazama uso wake.

Wala si ajabu, kwa sababu tofauti yenyewe ni ndogo mno. Ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, zinazolimwa kuanzia Kagera na Uganda hadi Rwanda, Burundi na Kivu, ni ndugu wa karibu sana kwa vinasaba, ingawa wakulima wamezipa majina mengi na kuzipangia kazi mbalimbali. Hazina mbegu. Kila mgomba ni chipukizi la mgomba mwingine, na huo wa mwingine, kurudi nyuma hadi kwa mababu waliotoka Asia ya kusini-mashariki. Wataalamu wanaona kwamba embiile na wenzake ni mabadiliko madogo yaliyojitokeza ndani ya ndizi za kupika: chipukizi moja likageuka, tunda lake likawa chungu, halifai chunguni. Kuna aliyeweza kuling'oa akalitupa. Kuna mwingine, hatumjui jina, ambaye hakulitupa.

Mzee anasimama chini ya mkungu uliokomaa. Anatazama pembe za ndizi: zikiwa bado kali, mkungu haujajaa, zikishakuwa za mviringo, umefika. Anachomoa ndizi moja ya chana cha chini, anaivunja katikati na kunionyesha. Kwenye nyama nyeupe kuna vitone vya rangi ya kahawia, vidogo kuliko punje ya ulezi. Ananiambia nionje. Ulimi unakauka papo hapo, mashavu yanavutana. Ukakasi huo ndio anaoutafuta. Ndizi isiyo nao, anasema, unaweza kuikanyaga hadi kesho na usipate hata kikombe.

Kabla hatujaondoka anachukua mti mrefu wenye panda nchani, anaunasa kwenye ua linaloning'inia chini ya mkungu mwingine mchanga, anausokota mara moja, na ua linaanguka. Hatumii panga. Tangu ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, wakulima wamefundishwa kukata ua dume kwa mti, kwa sababu wadudu hubeba bakteria kutoka ua hadi ua, na panga huyabeba kutoka shina hadi shina. Mkono wake unafanya jambo hilo bila yeye kukatisha maneno aliyokuwa akisema juu ya mvua.

Mikungu hukatwa ikiwa mibichi kabisa. Inayofuata ni kazi ya kuvundika, na hapo ndipo haraka huharibu kila kitu. Shimo limechimbwa kivulini nyuma ya nyumba, kina chake kinamfika mtu mzima kiunoni. Mzee anajaza humo majani makavu ya mgomba na kuyawasha. Moto unapanda kwa kishindo na kuzimika mapema, lakini si mwali anaoutaka. Anasubiri, anashuka, anabandika kiganja kwenye ukuta wa udongo, anapanda, anaongeza konzi mbili za majani, anawasha tena. Ukuta ukishapata joto analoliridhia, anatandika majani mabichi ya mgomba chini na pembeni, majani mapana yaliyochaguliwa kwa kutochanika, kisha anapanga vichana kimoja kimoja, migongo nje, matumbo ndani. Juu anaweka majani mengine, tabaka juu ya tabaka, halafu udongo. Anaukanyaga udongo kwa unyayo wa bapa, mpaka moshi uliokuwa ukipenya kwenye ufa mmoja unakoma.

Ndani ya giza lile kuna kazi ambayo maabara zimeieleza vizuri. Moshi wa majani una etilini kidogo, gesi isiyo na rangi inayoamsha tunda. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane alithibitisha kwamba hata tunda lenyewe huitoa gesi hiyo linapoiva. Kwa hiyo ndizi moja ikianza, huiamsha jirani yake, na jirani humwamsha wa pili, na kwa vile shimo limefungwa gesi haina pa kukimbilia. Wanga wa ndizi mbichi, ambao ni kama sehemu moja ya tano ya uzito wa nyama yake, hugeuka sukari. Mzee hana neno etilini. Ana ufa uliozibwa, na anajua kwa nini ameuziba: moshi ukitoka, zitaiva kwa makundi, na ndizi zilizoiva kwa makundi hazikamuliki pamoja.

Siku nne, tano, sita, inategemea baridi. Karagwe iko juu, na miezi ya kiangazi ya Juni na Julai usiku huwa na baridi ya kuingia mifupani. Mzee hahesabu siku peke yake. Anainama juu ya shimo, anafukua tundu la ukubwa wa ngumi, anaingiza pua. Mara ya kwanza alipofanya hivyo mbele yangu, alilifukia tena bila kusema kitu. Kesho yake alinusa, akaingiza mkono, akatoa ndizi moja. Ilikuwa njano kuanzia shingo hadi ncha, haijawa na doa jeusi, na alipoibonyeza haikubonyea sana. Akaitazama kwa muda. Hapo ndipo panapomtenganisha fundi na mkamuaji wa kubahatisha, kwa sababu ndizi ikipitiliza, ule ukakasi hupungua nguvu na juisi hutoka chafu, nzito, au isitoke kabisa. Kuna mlango, na uko wazi kwa siku moja hivi.

Nyasi zimeshakatwa. Ni nyasi zile ndefu za mbugani zenye ukingo mkali na suke jeupe, zinazoota kwenye ardhi iliyochoka. Anazikung'uta, anachambua na kuondoa kila jani geni, hasa lenye harufu, maana juisi ya ndizi hunyonya harufu ya jirani. Kila fungu analipitisha mkononi kutoka chini kwenda juu. Vidole vyake vina makovu membamba ya miaka.

Mtumbwi wenyewe uko chini ya paa la nyasi lisilo na kuta. Kwa asiyejua, jina linaweza kumfanya amtafute mvuvi; lakini huu haujawahi kuona ziwa. Ni gogo moja lililochimbwa kwa tezo, urefu wake mtu anaweza kulala ndani akanyoosha miguu. Ndani umekuwa laini na mweusi kwa kukanyagwa. Kichwa kimoja kimeinuliwa kidogo juu ya jiwe ili juisi ielekee upande wa pili. Mzee alirithi mtumbwi huu kwa baba yake, na majirani huuazima. Malipo ya kuazima ni juisi, na huletwa bila kudaiwa. Siku hizi wengi hukamulia kwenye beseni kubwa au kwenye pipa la plastiki lililokatwa ubavuni. Haoni ubaya, ila anasema plastiki inateleza, na mtu anayeogopa kuteleza hakanyagi sawasawa.

Kumenya ni kazi ya wajukuu na hufanyika kwa kelele. Maganda yanakwenda kwa mbuzi. Ndizi zilizomenywa zinalundikwa mtumbwini, njano hafifu, na nyuki wanafika kabla ya watu kumaliza.

Kisha mzee anaosha miguu. Nimeona waganga wakinawa mikono kwa uangalifu mdogo kuliko huo. Maji ya kwanza, sabuni, maji ya pili, kati ya vidole, nyuma ya kisigino kwa kipande cha jiwe, juu hadi magotini. Halafu maji matupu mara kadhaa mpaka harufu ya sabuni iondoke. Anaingia mtumbwini akitoka moja kwa moja kwenye ubao safi, unyayo haugusi udongo.

Mwanzoni anaponda tu. Kisigino kinashuka, ndizi zinapasuka, na muda si mrefu anakanyaga tope zito linalong'ang'ania miguu. Anaongeza nyasi, si zote; fungu moja, analisambaza, analikanyagia ndani, anageuza kwa mikono yale ya chini yaje juu. Fungu jingine. Mwendo wake ni wa polepole na wa kulingana: kisigino, unyayo, kisha msokoto mdogo wa kifundo unaosugua nyasi dhidi ya ndizi. Msokoto huo ndio kazi yenyewe. Mjukuu mmoja aliruhusiwa kuingia upande wa pili, naye alikanyaga kwa nguvu mara mbili ya babu yake, akiruka. Babu alimwachia aruke, kisha akamwambia, "Usipige. Sugua."

Kwa kitambo kirefu hakuna kinachotokea. Hii ndiyo sehemu ambayo mtu anayetazama hukata tamaa. Tope linabaki tope. Linashika nyasi, linavutika, linatoa sauti nzito ya kunyonya kila mguu unapoinuka. Jasho linamtoka mzee kwenye paji la uso na analifuta kwa bega ili lisidondoke ndani. Rangi inaanza kubadilika, kutoka njano kwenda kahawia ya kupauka. Povu dogo linaonekana pembeni. Tope linakuwa la kamba kamba, linaacha kushika miguu. Sauti nayo inabadilika, inakuwa nyepesi. Mzee aliisikia kabla yangu, kwa sababu alisimama, akahamisha uzito kwenye mguu mmoja na kuubonyeza chini bila kusugua. Kuzunguka kifundo chake palijaa maji.

Yalikuja ghafla kama mtu aliyekuwa amejificha. Dakika moja iliyotangulia hapakuwa na tone. Sasa kila anapokanyaga, juisi inapanda kati ya vidole, angavu, ya rangi ya asali changa, na lile tope limejikunja ndani ya nyasi na kukaa huko.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wamelichunguza jambo hili kwa hadubini. Ndizi zinazotoa juisi zina mishipa ya utomvu iliyojaa tanini, ambayo ndiyo vile vitone vya kahawia na ndiyo ule ukakasi wa ulimini. Msuguano unaipasua mishipa hiyo. Tanini inatoka, inakutana na protini na vitu vingine vilivyoshikilia maji, inashikamana navyo, na vyote vinagandana. Ulimi wangu ulikauka kule kibanjani kwa sababu hiyohiyo: tanini iliyashika mate yangu jinsi inavyoushika uji wa ndizi. Kikishagandana kile kinachoshika, maji huachiwa. Nyasi nazo zina kazi mbili: ukingo wake mkali unasugua, na mashina yake yanaacha vijia ambamo juisi hupita huku machicha yakibaki. Kwa hiyo utamu wa juisi hii unafunguliwa na uchungu wa ndizi yake. Ndizi tamu ya mezani, unayoila bila kukunja uso, haina ufunguo huo, na ndiyo maana kiwanda kinalazimika kuununua.

Karagwe ina historia ya mikono kutangulia maabara. Msafiri Stanley alipofika kwa Mukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwaka 1876 alionyeshwa hazina ya kifalme iliyokuwa na ng'ombe wa shaba na kazi nyingine za wahunzi. Na huko jirani, kwa Wahaya wa pwani ya Ziwa Viktoria, Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mwaka 1978, katika jarida la Science, jinsi wahunzi wazee walivyoyeyusha chuma kwa kupitisha hewa ndani ya mabomba ya udongo yaliyoingizwa tanuruni, ili ifike motoni ikiwa tayari imepata joto. Walizeeka bila mtu kuwauliza. Mzee wa Ndama naye hajaulizwa mengi, na sidhani kama anangoja kuulizwa.

Anatoka mtumbwini, anasimama kwenye ubao, na kwanza anakamua nyasi zilizoshika miguuni. Anasukuma machicha yote kuelekea kichwa kilichoinuliwa. Kwenye upande wa chini anafunga kitita cha nyasi mpya, kilichobanwa barabara, kiwe chujio. Juisi inapita humo na kuingia kwenye kibuyu kupitia mrija wa kibuyu kidogo kilichokatwa shingo. Hasukumi. Akiona inatoka na povu, analegeza. Akiona inatoka nyeupe, anabana. Hiyo ya kwanza haijaonja maji, na wenyeji huiita omuramba. Watoto wanapewa kwanza, wakisimama kwa foleni inayovunjika kila mara, halafu wageni, halafu wale wasiotumia pombe kwa sababu za dini. Nilipewa kikombe cha bati. Utamu wake una kina. Mwisho kabisa, nyuma ya ulimi, kuna alama ndogo ya ule ukakasi, kiasi cha kukufanya umeze mara ya pili.

Kisha anarudia kukanyaga machicha, safari hii akiongeza maji. Kiasi gani? Anamimina, anakanyaga, anachovya kidole, anaonja, anatema. Anaongeza nusu kata. Anaonja tena. Wapo wauzaji wanaomimina maji mpaka juisi inakuwa kumbukumbu ya ndizi, na wanywaji wa mjini Kayanga wanawajua kwa majina. Yeye aliacha wakati mimi ningeongeza.

Juisi hii ya pili, ikichanganywa na sehemu ya ile ya kwanza, ndiyo inayokuwa rubisi, pombe ya ndizi. Mtama umekaangwa na kusagwa, si laini sana. Anaunyunyiza juu ya juisi mtumbwini kwa viganja, akitembea kutoka kichwa hadi kichwa ili usirundikane, anakoroga kwa mkono hadi kiwiko, kisha anafunika kwa majani ya mgomba na kuweka matambara mazito juu. Mtama unaleta rangi, unaleta ladha, na unaleta hamira ya asili iliyojificha kwenye ganda lake. Usiku kucha hamira inakula sukari na kutoa kileo na gesi. Watu husema pombe inachemka, na kweli ukiweka sikio kwenye ubao wa mtumbwi asubuhi na mapema unaisikia, ingawa ukigusa ni vuguvugu tu.

Machicha yamesharudishwa kibanjani, chini ya migomba ileile. Mzee anaanua nyasi, anasugua mtumbwi kwa ufagio mgumu pale palipobaki wazi, anakagua tundu la chini. Vijana wenye madumu walifika kabla ya jua kupanda vizuri, wakaegesha baiskeli na pikipiki, na mmoja akasogea kuinua jani.

"Tata, si tayari hii?"

Mzee alikuja, akafunua upande mdogo, akatazama jinsi mapovu yanavyopasuka, akachota kwa kata na kuonja. Akaonja tena, akiwa ameangalia pembeni. Akafunika.

"Bado ina utamu. Rudini saa nne."

Waliguna, wakakaa kwenye benchi kungoja. Yeye alichukua panga na mti wake wenye panda, akaenda kuangalia mkungu mmoja wa embiile aliousema jana, ule wa mpakani, kama pembe zake zimeanza kulegea.